Funda la Kwanza la Maman Jeanine

Kabla ya kukupa kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, Maman Jeanine Nabintu alivuta funda moja yeye mwenyewe, mbele ya macho yako, akameza, akafuta mdomo kwa kiganja, halafu ndipo akakupa. Hakuwa peke yake. Kwetu Bushi kila anayetoa pombe hufanya hivyo, hata kwa ndugu wa tumbo moja, maana watu wa Bukavu tunaogopa sumu kuliko bunduki. Bunduki unaisikia. Mtu akikupa kinywaji bila kuonja, humjibu kitu. Unaamka tu, unaaga, unaenda zako, na kesho mtaa mzima unajua kwamba kwa fulani hakunywewi tena.

Yeye alionja kwa namna yake. Alifunga macho kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Nimetembea sana, Uvira mpaka Minova, nikitengeneza miavuli ya watu na kuziba masufuria yaliyotoboka, na sijaona mwingine anayeonja vile.

Vijana wa shule huniuliza: "Papa, we uliona vita zote. Bale ba huku na bale ba kule, banafanana ao hapana?" Mimi shule yangu iliishia mwaka wa nne wa primaire. Swali kubwa namna ile siwezi kulijibu. Lakini mambo ya Maman Jeanine ninaweza kuyaandika. Mengine niliyaona, mengine alinisimulia yeye na wifi yake, Maombi.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kadutu, kwenye mtelemko, pale ambapo mvua ikinyesha udongo unataka kushuka na watu wake. Mumewe, Akonkwa, alikuwa seremala. Ndiye aliyechonga ule mtumbwi wa kukamulia ndizi, kutoka mti mmoja, na ndiye aliyeingia ndani yake na miguu iliyooshwa kwa sabuni, akakanyaga ndizi mbivu na majani makavu mpaka maji yatoke. Jeanine alichuja, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika, akangoja. Watoto hawakupata. Watu walisema kasiksi yao ndiyo mtoto, nao hawakukasirika.

Wakati ule wa Conférence Nationale, mkutano mkuu wa nchi mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati kila mtu alikuwa na chama chake na redio yake, wanywaji wawili walikuwa wakikaa kwenye ubao mmoja kwa Maman Jeanine karibu kila Jumamosi. Mmoja alikuwa Hervé, assistant wa profesa kwenye shule kubwa, mwembamba, miwani, shati jeupe, mtu ambaye sauti yake haikupanda hata siku moja. Wa pili alikuwa Théodore, mwalimu wa primaire kutoka upande wa Kabare, mnene, mwenye machozi ya karibu. Akiimba wimbo wa kanisa analia. Akisimulia habari za babu yake analia.

Walichukiana kwa maneno, lakini walikunywa kutoka kibuyu kimoja, mirija miwili, kwa sababu vibuyu vya Maman Jeanine havikuwa vingi.

"Machefu, makabila, mila, yote ile ni shamba ya ndizi yenye ugonjwa," Hervé alisema. "Unakata yote, unachoma, unapanda upya. Mutu akikatala, unamupanda naye."

"Unamusikia?" Théodore aliuliza watu wote. "Huyu hata jina ya babu yake hajue. Mimi nasema udongo iko na benyewe. Kila mutu arudie kwao, na kila mwenye kubasaidia aende nabo. Akibakia mumoja tu, udongo haitatulia."

Kulikuwa mzee mwingine pale, Papa Modeste, aliyepima mashamba ya serikali miaka thelathini na mguu wake mmoja ukabaki mfupi. Alicheka mpaka mrija ukamtoka.

"Nyinyi babili mungeoana," alisema. "Mukizunguka kilima, mumoja kushoto, mumoja kuume, munazani munaachana. Mimi nilipima vilima. Mutakutana kule nyuma. Namuhurumia tu mwenye nyumba yake iko kule nyuma."

"Ile ni jeometri ya balevi, Papa Modeste," Hervé alisema.

"Mimi na huyu?" alisema Théodore. "Mimi na huyu hata mu kaburi moja hapana."

Maman Jeanine alipita na kikombe cha kuongezea. "Mukitaka kupigana mwende ku barabara. Kibuyu yangu haiko na assurance."

Tukacheka. Hervé naye alicheka, polepole, akifuta miwani.

Vita ya kwanza ilipita mwaka wa tisini na sita na ikamchukua Papa Modeste. Bomu lilimkuta uani akinyoa ndevu. Vita ya pili ilikuja mwaka wa tisini na nane. Rébellion ikashika mji, na siku moja Hervé akaonekana ndani ya gari la jeshi, miwani ile ile, sasa anaitwa Commandant. Théodore alikuwa amekwisha kupanda mlimani, upande wa msitu wa Kahuzi, pamoja na vijana wanaonyunyiziwa maji ili risasi zisiwaingie. Yeye walimwita Général. Basi mji ukawa na bwana wake na mlima ukawa na wake, na kati ya hao wawili walikuwa watu wanaopanda na kushuka na vikapu vyao, kwa sababu tumbo halikusimama kungoja.

Mwezi wa sita wa mwaka elfu mbili, wanajeshi walikuja kumkamata Akonkwa. Walisema ameuza mbao kwa mtu wa mlima. Huenda aliuza, seremala hamuulizi mteja analala wapi. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mbele ya kazi yake, wakamvunjia vidole vya mkono wa kushoto kwa nyundo yake mwenyewe, kimoja kimoja, wakihesabu kwa Kifaransa. Halafu wakampeleka kwenye depo ya kahawa ya zamani, kando ya ziwa, ambako palikuwa na kontena la chuma. Humo walifunga watu. Saa sita mchana chuma kilichoma, na waliokuwa ndani walilamba jasho lililoganda ukutani.

Maman Jeanine alienda kumuona Hervé. Alimkuta kwenye meza, anaandika.

"Maman Jeanine," alisema, akasimama kumpa kiti. "Uko namna gani?"

"Commandant, naomba bwana yangu."

"Bwana yako ataenda nyumbani. Iko kazi moja tu." Alifungua mtoto wa meza akatoa kifuko cha plastiki, ndani yake unga wa rangi ya jivu. "Kasiksi yako inafika kule juu. Usikatale, najua. Wifi yako anaipandishaka siku ya soko. Safari hii utaipandisha wewe. Mwalimu Théodore anaipenda sana pombe yako."

"Nitaonja namna gani, Commandant? Mimi njo naonjaka mbele."

"Funda moja ndogo haiue. Nimeuliza munganga." Alisema hivyo kama mtu anayemwambia mgonjwa anywe kinini. "Nakupa juma moja. Na usiniambie habari ya kukaa pembeni. Katikati hakuna, Maman Jeanine. Mutu iko na sisi ao iko nabo."

Walimruhusu apite karibu na kontena. Palikuwa na tundu la kutu, na katika lile tundu vikatokea vidole viwili vya mkono mzima.

"Jeanine," alisema Akonkwa. "Ndizi ziko mu shimo siku ya ine leo. Usiziache zioze."

"Banataka niue mutu ju yako."

Ndani kulikuwa na mtu mwingine akikohoa vibaya.

"Usimuue," alisema. "Lakini ukuje kunitosha mu hii kontena."

Ndiyo yote aliyomwambia. Alirudi Kadutu na maneno yale mawili, na hayakuingia mfuko mmoja.

Kile kifuko alikitupa chooni siku ile ile. Halafu yeye na Maombi, dada wa Akonkwa, walizifukua ndizi kutoka shimo la kuivishia. Maombi aliingia ndani ya mtumbwi badala ya kaka yake, akakanyaga. Jeanine alikuwa na mpango wake. Alikuwa amesikia sokoni Nyawera kwamba Théodore ameshika wanajeshi wawili wa Hervé, wazima. Atapanda na pombe safi, atamsimulia Mwalimu yote, atamwomba abadilishe: wale wawili kwa Akonkwa mmoja. Mwalimu ni mtu wa kulia. Mtu anayelia atasikia.

Walitoka asubuhi, bidoni moja, dumu la pombe, kichwani kwa kila mmoja, kibuyu kimefungwa mgongoni kwa Jeanine kama mtoto. Juu ya Ciriri palikuwa na kizuizi cha rébellion, kamba na mawe. Askari mmoja alisimama.

"Masanga hiyo, hiyo pombe, inaenda wapi? Tupe."

"Inaenda ku matanga, mwana wangu," alisema Jeanine. Alijua akifungua hapo, bidoni zitaisha zote mbili, na safari itaishia hapo.

"Mimi ni mwana wako?" Aligeuza bunduki akampiga mdomoni kwa kitako. Meno mawili ya mbele yalianguka ndani ya vumbi, la tatu likabaki limeinama. Alianguka kwa magoti, lakini bidoni aliishika, haikumwagika. Askari alicheka, akainua bunduki tena, na mwenzake, aliyekuwa Mushi, mtu wa Bushi kama sisi, akamshika mkono.

"Baachie baende, chef. Matanga ni matanga."

Maombi alimpangusa kwa kitenge. Damu haikukatika. Jeanine aliitema akitembea, na njia nzima mpaka Kabare unaweza kusema waliipanda mbegu.

Général Théodore alikuwa amekaa kwenye shamba la kwinini lililoachwa na Wazungu, miti mirefu imepangwa mistari, na nyuma yake msitu wenyewe. Vijana wake walikuwa na majani kichwani na vichupa vya maji shingoni. Walikuwa na miiko yao, na Jeanine aliijua kama kila mtu wa mji: usiwape kitu mkono kwa mkono, weka chini. Mwanamke asiwaguse. Damu ya mtu isikaribie wanachokula wala wanachokunywa, ama sivyo maji yanapoteza nguvu, risasi inaingia, na aliyeleta damu ile analipa kwa yake.

Maombi alizuiwa chini, penye mlinzi, na bidoni yake. Jeanine alipelekwa peke yake mpaka mbele ya kiti cha kanisa alichokalia Théodore. Mwalimu alipomuona alitoa machozi.

"Maman Jeanine. Mpaka huku, na miguu yako. Nani alikufanya vile ku kinywa?"

Jeanine akajaza kibuyu, akakiinamia. Na hapo, mkono ukiwa tayari kushika mrija, akasikia damu ikimjaa tena mdomoni.

Mimi nimefikiri sana juu ya ile dakika. Akionja, damu inaingia ndani ya pombe, na miiko yao imevunjwa. Asipoonja, ni kama amesema kwa sauti kwamba humo kuna sumu. Angeweza kumwita Maombi. Angeweza kusema. Lakini mtu aliyepigwa, aliyetembea kutwa, akili yake inashika heshima ile iliyo karibu. Aligeuza uso pembeni kwa adabu, ili asiwaletee damu, akaweka kibuyu chini kwenye nyasi, akasukuma kidogo.

"Munywe," alisema.

Hakuna aliyesogea. Ndege walikuwa wakisemezana kwenye kwinini. Halafu mmoja wa vijana akasema, "Hakuonja."

Ndipo walipomwangukia. Walimpiga kwa fimbo na kwa bapa za panga, mgongoni, kwenye miguu, juu ya mikono aliyoiweka kichwani. Alijaribu kueleza, lakini mdomo ulikuwa umevimba na maneno yalitoka kama ya bubu. "Damu," alisema. "Ju ya damu." Wao wakasikia neno damu na wakazidisha.

"Mwachie," alisema Théodore, bado analia. "Mulete ule mwingine. Akunywe yeye."

Walimleta Maombi wakamlaza chini, na ule mwiko wa mwanamke hakuna aliyeukumbuka. Mmoja alimkalia kifua, wa pili akambana pua, wa tatu akamimina. Si funda moja. Kibuyu, na kibuyu tena, na tena, mpaka ikamtoka puani, mpaka akatapika na matapishi yakamrudia kooni. Mbavu zake zililia chini ya yule aliyemkalia. Maombi aliniambia alizisikia, mbili, kama vijiti vya kuwashia moto. Halafu wakamwacha ubavuni wakangoja afe.

Jua lilitoka mstari mmoja wa kwinini likaenda mstari wa pili. Maombi hakufa. Alikuwa akilia kwa sauti ndogo, na mtu anayekufa kwa sumu, walijua, halii hivyo.

Wakati huo Jeanine alikuwa amepata mdomo wa kusema, polepole. Alisema yote. Kifuko cha jivu, choo, kontena, vidole vya Akonkwa. Alisema, "Mwalimu, uko na basoda yake babili. Umupe, anipe bwana yangu."

Théodore alifuta macho. "Bale? Bale balikwisha jana."

Alionyesha kwa kidevu. Chini ya mti kulikuwa na mabuti, jozi mbili, yamepangwa vizuri, na vijana wawili peku walikuwa wakiyapima.

"Alikutuma uniue, na weye ukatupa," alisema Théodore. "Hervé. Tulikunywa naye ku ubao moja. Basi sikiliza. Maombi anabakia huku. Weye unashuka na ile bidoni ingine. Anakuamini, ju uko kazi yake. Unamuwekea hii." Akaweka chini, kwenye nyasi, kifurushi cha jani la ndizi.

"Mwalimu, mimi ni mupishi wa pombe tu."

"Katikati hakuna, Maman Jeanine. Mutu iko na sisi ao iko nabo."

Jeanine alimtazama kama atacheka, kama atasema ilikuwa mchezo. Théodore hakucheka. Aliinama, akakiokota kile kibuyu kilichobaki na pombe, pale pale Maombi alipolala kwenye matapishi, akavuta mrija muda mrefu. Alipomaliza alishusha pumzi.

"Mukono yako haijageuka," alisema.

Jeanine alishuka peke yake, bidoni kichwani, kibuyu mgongoni. Jani la ndizi alilitupa kwenye mto wa kwanza, akanawa mikono mara tatu. Alikuwa sasa na watu wawili wa nyumba moja, kaka amefungwa chini na dada amefungwa juu, na dawa zote mbili amezitupa. Njiani aliamua kitu kimoja tu: atasema ukweli. Aliniambia alifikiri hivi: juu alisema ukweli, na hawakumuua. Basi chini atasema ukweli vile vile.

Alifika kwenye depo siku ya pili, saa sita. Hervé alikuwa uani, chini ya bati. Jeanine aliweka kibuyu kwenye kiti, akashika mrija kwa upande wa mdomo usiouma, akafumba macho, akaonja. Akameza. Akafuta mdomo, na kiganja kikawa chekundu.

"Nani alikupiga?" Hervé aliuliza.

"Ba kwako. Ku barrière."

"Nitauliza." Hakukigusa kibuyu. "Balikunywa kule?"

"Balikunywa. Hakuna mwenye alikufa. Sikuweka, Commandant, nilitupa mu choo. Na Mwalimu naye alinipa yake ya kukuua, ile nilitupa mu muto. Nimetupa yote. Sina kitu ya mutu. Nipe bwana yangu, twende."

Hervé alivua miwani akaifuta. Neno moja tu lilionekana kumfurahisha.

"Naye alikupa," alisema. "Alikuambia nini?"

"Ile ile yenye uliniambia."

Aliagiza Akonkwa atolewe. Walimvuta kwa kwapa, maana miguu ilikuwa imekufa. Mkono wa kushoto ulikuwa mweusi na umejaa kama buti. Alifunga macho kwa ajili ya jua, akasikia harufu ya kasiksi, akageuza uso upande ule, hivyo ndivyo alivyojua kwamba mkewe yuko hapo.

"Mupe," alisema Hervé.

Jeanine alimshikia mrija. Akonkwa alikunywa kama mtoto mchanga, bila kupumua, akaacha kidogo, akakunywa tena.

"Nani alikanyaga?" aliuliza.

"Maombi."

"Iko mwepesi. Hakukanyaga muzuri." Na akatabasamu, meno yote yapo.

Hervé alivuta sigara moja mpaka mwisho akimtazama Akonkwa. Halafu akavuta ya pili. Jeanine alifikiri: anangoja kuona kama ni safi, akiona ni safi atatuachilia. Alianza hata kutafuta kwa macho toroli la kumbebea.

"Ni safi," alisema Hervé, na akampa askari ishara kwa kidole, kidogo tu, kama mtu anayeita kikombe kingine.

Askari alimpiga Akonkwa risasi nyuma ya shingo. Pombe aliyokuwa hajaimeza ilitoka pamoja na mengine kwenye kitenge cha Jeanine. Jeanine alikuwa bado ameshika mrija.

"Mwenye kutupa ya adui yangu na kutupa yangu," alisema Hervé kwa sauti ile ile ya Jumamosi, "huyo nitamuweka wapi? Akitumia moja, namujua. Wewe sikujue. Sasa na bengine bataogopa kuwa kama wewe." Akavuta kibuyu karibu, akakunywa, funda tatu, nne. "Mukono yako haijageuka, Maman Jeanine. Beba mutu wako."

Alimbeba kwa toroli ya saruji mpaka Kadutu, kupanda. Wale waliomsaidia kusukuma nawajua, lakini hawakutaka majina yao.

Maombi alibaki juu majuma matatu, akiwapikia watu waliomvunja. Halafu wanajeshi wa Hervé walipanda wakachoma shamba la kwinini, na walichoma pia vijiji viwili ambavyo vijana wa Théodore walikuwa wamekwisha kuvipora juma lililotangulia. Watu wa vile vijiji waliuawa na waliokuja wa pili kwa kosa la kuibiwa na waliokuja wa kwanza. Niliipita ile njia baadaye na begi langu la miavuli. Sikukuta mwavuli wa kutengeneza. Niliona sufuria lililotobolewa na risasi juu ya mafiga, na mwenyewe amelala kando, na nililiziba lile sufuria, sijui kwa nini, nikaliacha pale.

Maombi alikimbia na mbavu zake mpaka ziwani, akapata mtumbwi wa kwenda Idjwi. Yuko kule hata leo, analima mihogo. Anaishi katikati ya ndizi pande zote, na zikianza kuiva anahamia kwa jirani mpaka harufu iishe.

Théodore alitoroka tena msituni. Hervé akaendelea na meza yake. Ikapita miaka mitatu, wakubwa wakapatana mbali, ikasemwa kuna serikali ya pamoja na jeshi moja. Mwisho wa mwaka elfu mbili na tatu, wote wawili walikuwa makoloneli katika mji wa Bukavu, kofia moja, mshahara mmoja, ofisi zinatazamana.

Na Jumapili moja mchana walikuja Kadutu ndani ya jeep moja.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye ubao ule wa zamani nashona mwavuli. Maman Jeanine alikuwa amerudia kupika, kidogo kidogo, akikanyaga mwenyewe. Walishuka, walinzi wanne nyuma yao. Hervé alikuwa na mvi. Théodore alikuwa amepungua.

"Maman Jeanine," alisema Théodore, na machozi yakaja. "Vita imekwisha. Tulisema na huyu, twende kwa Maman, tukunywe kama zamani."

"Mukaribie," alisema Jeanine.

Nilisogea mwisho wa ubao. Wakakaa. Barabarani watu walisimama, wanawake wenye beseni, watu wa kutoka misa. Jeanine aliingia ndani, akatoka na kibuyu kimejaa mpaka shingoni, mirija miwili. Akakiweka katikati yao. Halafu akavuta kiti chake, akakaa mbele yao, akaweka mikono juu ya magoti.

Hakuonja.

Nilisikia sindano yangu inavyopita kwenye kitambaa. Théodore alitazama kibuyu. Hervé alimtazama Jeanine.

"Maman, haujaonja," alisema Hervé.

"Non."

"Onja, basi."

"Kinywa inaniumaka," alisema. "Tangu ile siku."

Hapo nikaona jambo ambalo nalileta kwa vijana wanaoniuliza. Hervé aliinua mkono kuelekea kwangu, na wakati huo huo, si kabla wala si baada, Théodore alifungua mdomo akasema, "Ule muzee aonje." Walitazamana. Nadhani kila mmoja aliona kitu kwenye uso wa mwenzake, maana wote wawili waligeuka upande.

Nilisimama. Niko mzee, ningekunywa.

"Kaa, Papa," Jeanine aliniambia. "Pombe si yako." Na kwao: "Mwenye pombe njo anaonjaka. Na mimi nimekatala. Mutaniua? Batu baleee banaangalia, ni Jumapili."

Hawakumuua. Walikaa kidogo kama watu waliosahau walikotoka. Halafu Hervé akasimama, akafuta suruali, na Théodore akasimama, na wakaenda bila kuaga, wote kwenye kiti cha nyuma cha ile jeep.

Watu wa barabarani nao wakatawanyika polepole. Mimi nilijua, na Jeanine alijua kunizidi: amekataa kuonja mbele ya mtaa wote. Kesho hakuna atakayekuja. Kazi ya maisha yake, ile aliyoifanya na Akonkwa, aliiua mwenyewe mchana ule, kwa kukaa tu.

"Banafanana, Maman?" nilimuuliza. Nilikuwa mjinga kuuliza.

Alifikiri. "Hapana, Papa. Mumoja analiaka, mumoja analiaka hapana. Mumoja anataka kukata, mumoja anataka kurudisha. Mimi nilibasikiliza ku hii ubao miaka mingi, habafanane." Akavuta kibuyu karibu yake. "Papa Modeste alisema habari ya nyumba ya nyuma ya kilima. Tulichekaka."

Akashika mrija mmoja. Akafumba macho, akaonja, akameza, akafuta mdomo kwa kiganja, akanipa. Ilikuwa safi. Tulikunywa sisi wawili, yeye kwa mrija wa Hervé na mimi kwa wa Théodore, au kinyume chake, sikuweza kujua, mpaka kibuyu kikaisha na hakuna mtu mwingine aliyeingia.